Hadithi iliyokatwa mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jinsi mvutano wangu na jarida moja la fasihi, ambalo sitalitaja, ulivyomalizika bila kufika mahakamani. Hadithi yangu fupi ilichapishwa ikiwa imekatwa aya mbili za mwisho, nami sikuulizwa. Mhariri wake alisema nafasi ilikuwa finyu, kana kwamba mwisho wa hadithi ni ukoko wa kubanduliwa. Nilimwandikia nikimkumbusha kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Tulikutana, tukakubaliana kwa maandishi kwamba hadithi ichapwe upya ikiwa kamili, pamoja na maelezo ya kuomba radhi. Suala la malipo bado tunalijadili.

Msomaji wako,
Morogoro