Daftari la Mizinga

Sikonge, Julai

Shoga yangu mpendwa,

Salamu za huku kwetu zikufikie hapo Lindi, wewe na shemeji na watoto. Ujumbe wako wa pole niliupata siku ya pili ya matanga, na rambirambi yako pia ilifika. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa hali mlenda. Nikamwambia ndiye. Siku zile sikuweza kukujibu. Nyumba ilijaa watu, na kila nikishika simu machozi yananitangulia. Sasa watu wametawanyika, mimi nimebaki na Mama, nikaona nikuandikie barua kama tulivyokuwa tukiandikiana wakati wa likizo. Ninayotaka kukuambia hayaenei kwenye simu.

Baba alifariki Mei, alfajiri, kitandani kwake. Presha ilikuwa ikimsumbua tangu masika. Jioni ya kuamkia siku ile aliomba afunguliwe dirisha la nyuma asikie miti, tukamfungulia. Mengine ya ugonjwa niache niyanyamazie.

Kuna neno lililosemwa msibani ambalo limekataa kunitoka. Kila aliyesimama kutoa salamu, kuanzia mchungaji hadi warina asali wenzake, alisema marehemu alikuwa mtu wa pori. Na kweli alikuwa. Ila mzee mmoja akaongeza kwamba pori lilimnyang'anya mkewe na wanawe mume na baba. Alisema kwa huruma kabisa, lakini lilinichoma, kwa sababu utotoni hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Unakumbuka nilivyokuwa nikikulalamikia bwenini kwamba baba yangu anaishi na nyuki? Juni na Julai, mti wa muva ukishamaliza kutoa maua, alikuwa anakaa kambini wiki tatu, mara nyingine mwezi mzima. Desemba anarudi tena huko kwa asali ya maua ya mti wa mtundu. Katikati hapo anakwenda kukagua, kufyeka majani chini ya miti ili moto wa kiangazi usiifikie mizinga, kutundika mingine. Mama ndiye alikuwa analala akisikiliza kengele ya baiskeli.

Lakini wewe ulimwona akirudi. Ile likizo ya Juni 1998, tulipotoka Tabora kwa basi, kilomita 70 za vumbi, tukafika nyusi zote nyekundu. Siku ya tatu yake Baba akaingia na baiskeli yake ya Phoenix, madumu mawili nyuma. Dumu la lita 20 likijaa asali linafika kilo 28, na alikuwa anasukuma mawili kwenye mchanga kutwa nzima. Akaegesha, akanawa, hakusema hata amechoka. Akaanza kufungua mafurushi. Uyoga wa Mama. Ntalali, yale matunda ya porini, za wadogo zangu, zimeiva nyeusi. Kaka alipata ngozi ya kutengenezea manati. Mimi sega bichi lililofungwa kwa majani, la upande usio na majana, watoto wa nyuki, kwa sababu alijua nikiona yale majana meupe siwezi kula. Mtu aliyekaa porini siku ishirini na kitu alikuwa anakumbuka sega gani linanishinda. Akakutazama wewe, mgeni asiyekutarajia, akakata lake katikati akakupa nusu. Akakuita "mwanangu" hata kabla hajaulizia jina lako.

Tumbaku, kama ujuavyo, ndiyo iliyowajengea watu wengi huku nyumba za bati. Baba alilima misimu miwili, mimi nikiwa sijaanza shule. Kukausha majani kunataka kuni, kuni zinataka miti, na bani moja, yaani banda la kukaushia, likiwaka linakula kuni nyingi ajabu. Alipoona mitundu aliyokuwa akitundikia mizinga tangu ujana wake imelala chini kungoja kuingia kwenye bani lake mwenyewe, aliacha. Hakuhubiri mtu wala hakugombana na majirani. Hata mizinga ya magome aliyofundishwa na babu aliiacha baadaye, kwa kuwa mti ukibanduliwa gome zima hufa, na mzinga wenyewe unaoza baada ya miaka michache. Akabaki na magogo ya mninga, mazito, ya kuchonga kwa siku kadhaa, lakini yanaweza kuzeeka na mwenyewe. Kaka anasema ndipo ada zetu zilipoyumba. Mimi sikuwahi kurudishwa nyumbani kwa ada, nawe ni shahidi. Aliipataje, sijui. Mama naye akiulizwa hutazama pembeni.

Wiki iliyopita tuliingia porini, Kaka na mimi na kijana wake. Miaka yote hiyo sikuwahi kulala kambini. Binti haendi kurina, ndivyo ilivyokuwa. Safari hii niliomba mwenyewe. Kaka akaniambia nioge bila sabuni siku mbili na niache mafuta ya nywele, kwa kuwa nyuki wanachukia manukato. Nikakumbuka Baba alivyokuwa akikataa sabuni kila akikaribia safari, na sisi tukidhani ni ubahili wake tu.

Mchana kiongozi alitulia juu ya mti akipiga kelele zake, akiruka mbele, akingoja, akiruka tena. Unamjua yule ndege anayewapeleka watu kwenye asali ya mwituni? Kijana alitaka kumfuata, Kaka akamwambia leo tuna mizinga yetu, lakini tulipofungua wa kwanza alitenga kipande cha nta kwenye kisiki kwa ajili yake. "Babu yako hakuondoka porini bila kumwachia," akasema. Wazee wanaamini ukimdhulumu, safari nyingine atakupeleka kwa simba. Baba sababu yake ilikuwa nyingine: alisema na yule ana watoto.

Kurina ni usiku. Kaka alifunga kienge cha magome makavu kwa kamba ya myombo, akakipuliza mpaka kikatoa moshi bila ndimi za moto, na mikono yake katika mwanga ule ilikuwa mikono ya Baba, kidole gumba kimekunjwa vilevile. Akapanda. Mzinga ulikuwa unaning'inia mbali na shina ili nyegere asiufikie. Nikasikia ngurumo ya nyuki ikipanda halafu ikitulia kadiri moshi ulivyoingia. Akatoa masega yaliyozibwa, yale yenye majana akayaacha yote, na yenye asali pia hakuyamaliza. Ndoo ikashushwa kwa kamba. Nilipoinua taa kuipokea, mwanga ukapiga tumbo la mzinga, nikaona alama ya Baba: mikato mitatu na duara. Kila mrina ana alama yake. Pembeni ya duara palikuwa na kijikato kingine kidogo, nikauliza ni cha nini.

Kaka alinyamaza kidogo. Akasema, "Huo ni wako."

Shoga, kumbe kila mtoto wa nyumba hii ana mzinga wake kule. Sitaji wangapi maana unatujua. Kaka alikuwa anajua kwa kuwa alikuwa anaingia porini, akadhani na sisi tunajua. Wangu wa kwanza Baba aliutundika mwaka niliozaliwa, ukaoza, akachonga mwingine. Nilikaa chini ya ule mti nikalia mpaka kijana wa Kaka akaona aibu akaenda kutafuta kuni. Ningependa yule mzee wa msibani awe pale.

Tuliporudi Mama akafungua sanduku akatoa daftari. Ni kaunta buku nene, jalada limeshikana kwa nta, na linanuka moshi. Humo kuna kila mzinga: mti wa kuchongea, mti wa kutundikia, mwaka, na lita kila msimu. Mwandiko wake unaujua, ule wa kulalia kushoto. Wangu umeandikwa "Mayu", yaani mama, kama alivyoniita siku zote kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Mwaka wa mahafali yangu hakuandika lita, aliandika tu "amemaliza".

Nikaendelea kufunua. Ukurasa wa 1998 nikakuta hivi: "Mtoto wa Lindi. Mninga. Juu ya muva, bondeni." Chini yake miaka inafuatana. Lita tisa. Lita sita. Mwaka mmoja "nyegere". Mwaka mwingine "wamehama", na uliofuata "wamerudi". Hajaruka hata msimu mmoja.

Ile chupa niliyokuwa nikikuletea bwenini kila Julai, na baadaye nikikutumia hata ulipoolewa, ukinishukuru kwa asali ya nyumbani kwetu, ilikuwa ya mzinga wako. Alikuwa ananikabidhi imefungwa kitambaa na kusema, "Hii ya mwenzako, usiichanganye." Mimi nilikuwa naichanganya, shoga. Nilikuwa naongeza yangu juu ijae. Nisamehe.

Pasaka ijayo, kama desturi yetu Wamoravian, tutakuwa makaburini alfajiri kuimba. Baba tumemlaza upande wa miembe. Mama anaendelea vizuri, anakula, ila usiku bado anaamka ile saa ya baiskeli.

Mzinga wako hatujaufungua. Kaka alipanda akaugonga, anasema umejaa. Anauliza turine wenyewe tukutumie kwa basi, au tuuache mpaka Desemba ufike uusimamie mwenyewe? Nijibu kabla ya Jumapili, maana Jumatatu tunaingia tena porini.

Ni mimi shoga yako,
Mayu