Mhariri, stori ya Mpemba haikuishia kwenye aiskrimu

Mhariri salaam,

Makala yenu kuhusu Erasto Mpemba nimeisoma yote na nimefurahi mmemkumbuka, ila kuna sentensi moja imenikaa vibaya, pale mlipoandika kwamba huyu Mtanzania alithibitisha maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, basi, imeisha. Sio hivyo jamani. Mi nafundisha tuisheni ya fizikia huku Tandika, na sentensi kama hiyo ikishamwingia dogo wa form three kuitoa ni kazi kwelikweli.

Mwanzo mmeueleza vizuri. Mwaka 1963, Magamba Sekondari kule Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa unatia sukari unaacha yapoe ndo unaweka kwenye friji, sasa siku hiyo nafasi kwenye friji ni ya kugombania, Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza ya kwake ikiwa bado ya moto. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambaye hata maziwa hakuchemsha. Kumuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio fizikia ya ulimwengu, na darasa likaugeuza utani.

Mlichokiruka ndo mi nakipenda kuliko vyote. Dr. Denis Osborne, aliyekuwa anafundisha fizikia chuo kikuu hapahapa Dar, alienda kuongea na wanafunzi Mkwawa, Mpemba akamuuliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, vyombo sawa, ujazo sawa, kwa nini ya 100 yanawahi kuganda? Osborne aliporudi Dar akampa fundi wa maabara ajaribu, fundi akarudi na taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Wakarudia, jibu likawa lilelile. Maji sentimita za ujazo 70 kwenye bika, bika juu ya kipande cha foam, ndani ya sehemu ya barafu ya friji ya kawaida kabisa ya nyumbani. Yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda ni yale yaliyoanzia nyuzi 25 hivi, yaliyoanzia karibu na 90 yakawahi. Halafu wakamwagia mafuta juu ya maji na kuganda kukachelewa sana, ndo wakajua joto jingi la maji linapotelea upande wa juu. Mwaka 1969 wakachapisha kwenye jarida la Physics Education, jina la Mpemba na la Osborne pamoja. Kitu cha maana hicho, kimefanyika Dar es Salaam, na mtoto wa Dar hakijui.

Ila tuseme na upande wa pili. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden wa Uingereza walirudia majaribio kwa uangalifu mkubwa wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba maji ya moto yanawahi, na wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita 1 tu ndani ya chombo kinaweza kukuonyesha athari ambayo haipo. Najua wapo watakaosema wazungu wanataka kutunyang'anya cha kwetu. Mi nakataa kabisa. Anayekaa maabara kulipima neno la mtu anamheshimu kuliko anayelisifia tu bila kupima, na Mpemba mwenyewe kilichomuumiza sio kupingwa, ni kupingwa na watu ambao hata hawakujaribu.

Na jina lake sasa hivi limetoka nje ya maji kabisa. Mwaka 2017 watafiti Lu na Raz walionyesha kwa hesabu kwamba kitu kilichoanza mbali zaidi na utulivu, kama maji ya moto yalivyo mbali na baridi ya friza, kinaweza kupata njia ya mkato kikafika kwanza kwenye utulivu huo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer kule Kanada wakaliona hilo kwenye punje moja ya kioo, ndogo huwezi kuiona kwa macho, iko ndani ya maji na inaongozwa kwa leza, yani hapo hakuna mvuke wala barafu ya kusingiziwa kuwa ndo sababu. Halafu 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, wakaiona athari ya Mpemba ya kwanta, yani kwenye fizikia ya vitu vidogo kabisa, kwa kutumia ioni 12 za kalsiamu (atomu zenye chaji ya umeme), zilizoanza mbali zaidi na ulinganifu, yani hali ya kuwa sawa kila upande, ndo ziliurudia haraka. Wenyewe wanaiita hivyohivyo, athari ya Mpemba, kwenye majarida makubwa ya fizikia duniani, na kwetu magazeti bado yako 1963.

Ninachoomba, andikeni sehemu ya pili, kwa Kiswahili, yenye Osborne na fundi wake, yenye wanaopinga, yenye hizo ioni. Na waambieni wasomaji wenye friza nyumbani wajaribu na watoto wao, hasa kina mama wanaouza barafu za ubuyu maana wao kila siku wako na friza. Ila mkiandika hilo wekeni wazi: vyombo vifanane, ujazo uwe sawa, vipimajoto vikae kina kimoja, na vyombo vibadilishane nafasi ndani ya friza kila mkirudia, maana pembeni na katikati baridi haiko sawa.

Mwalimu wa tuisheni,
Tandika, Dar es Salaam