Salamu za Pasaka kwa wachangia damu

Ndugu zetu, heri ya Pasaka. Masika yameshika, barabara zinateleza, mabasi yamejaa wanaokwenda kwao. Shule nazo zikifungwa, benki za damu hupungukiwa, maana wanafunzi ndio wachangiaji wetu wakubwa.

Msimu huu tunamkumbuka Dakta Charles Drew, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Washington mwaka 1904. Alitamba kwenye futiboli ya Kimarekani chuoni Amherst, akafundisha michezo na biolojia Baltimore akitafuta karo, akahitimu udaktari McGill, Montreal, mwaka 1933. Mwaka 1940 Uingereza ikipigwa mabomu, alikabidhiwa kazi ya kuipelekea plazma, yaani majimaji ya damu yanayobaki chembe zikiondolewa, kutoka New York. Watoaji walikuwepo, kilichosumbua ni bakteria, kwa kuwa kila hospitali ilikuwa na namna yake ya kukusanya. Drew aliweka utaratibu mmoja: damu iingie kwenye chombo chenye sitrati isigande, plazma itenganishwe bila kuachwa wazi hewani, kisha ipimwe vijidudu kabla ya kupanda meli. Kwa nini plazma tu? Chembe nyekundu zikikaa huvujisha potasiamu na kupasuka, na safari ya bahari ilikuwa ndefu.

Baadaye Jeshi la Marekani liliamua damu ya weusi itengwe. Drew alisema wazi kwamba sayansi haina sababu ya jambo hilo. Akarudi Chuo Kikuu cha Howard kufundisha upasuaji, na hapo, kwa maoni yetu, ndipo alipofanya kazi yake kubwa kuliko hata ya plazma.

Alifariki tarehe 1 Aprili 1950, siku nane kabla ya Pasaka, akielekea mkutano wa tiba Tuskegee. Alikuwa ameendesha usiku, usingizi ukamshika, gari likapinduka North Carolina. Ule uvumi kwamba hospitali ya wazungu ilimnyima damu si kweli; madaktari walimhangaikia, majeraha yakamzidi.

Basi mnaosafiri, dereva akianza kupiga miayo, asimame alale. Mnaotaka kuchangia: uzito usipungue kilo 50, na unachotoa ni mililita 450 hivi. Wanaume warudi baada ya miezi 3, wanawake 4. Kama umefunga Ijumaa Kuu, subiri Jumamosi. Wengi wanaozirai kitini huwa hawajala wala kunywa maji. Ukimaliza, kaa dakika 15, na bandeji usiibandue upesi.

Chembe nyekundu hukaa friji siku 35 tu, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hukaa nje ya friji siku 5. Ya Krismasi imeshakwisha. Karibuni, na Pasaka njema.