Yatima naye adeke

Mhariri,

Kila sikukuu inapokaribia, kurasa za magazeti hujaa picha za magunia ya mchele na madumu ya mafuta yakikabidhiwa vituo vya watoto yatima. Hatuna ugomvi na mchele. Ila yatima wengi nchini Tanzania hawaishi vituoni. Wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo, na mengi yatakayowasumbua wakishakuwa watu wazima huamuliwa siku ya kuanua tanga, kabla maturubai hayajakunjwa.

Mkoani kwetu Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, watafiti walifuatilia kaya kati ya 1991 na 1994, kisha wakawatafuta watu wale wale mwaka 2004. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikutwa wamepungukiwa wastani wa sentimita 2 za kimo na kama mwaka mmoja wa shule. Sentimita 2 ni kitu kidogo mpaka ufikirie zinavyopotea. Chakula kipo, lakini hakuna wa kukaa na mtoto mpaka amalize sahani. Homa ambayo mama angeishtukia usiku ule ule inangojewa siku 3. Kadi ya kliniki imefungiwa kwenye sanduku la nguo za marehemu, hivyo hakuna ajuaye uzito ulisimama mwezi gani. Mwaka wa shule nao hupotea kirahisi: binti mkubwa anaambiwa "asaidie nyumbani kwanza", au mtoto anahamishwa mkoa katikati ya muhula bila barua ya uhamisho.

Jijini London, watafiti George Brown na Tirril Harris walieleza mwaka 1978 kwamba wanawake waliofiwa na mama kabla ya umri wa miaka 11 walikuwa wepesi zaidi kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walipokumbwa na misukosuko mikubwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kilichotofautisha hasa ni malezi waliyopata baada ya msiba, kuliko msiba wenyewe. Sisi ndipo tunapogombana na msemo wetu wa "yatima hadeki". Kudeka ndiko kunakomponya. Asiyepata wa kumdekea hujifunza kunyamaza, na ukimya huo ukoo husifu: "huyu mtoto ana adabu, hata hakulia". Mtoto mpole kupita kiasi, wa miaka 9, anayewabembeleza wadogo zake na kumuuliza baba kama amekula, tunamhofia kuliko yule anayepigana shuleni.

Kwanza mtoto aliyefiwa aambiwe ukweli, siku hiyo hiyo, na mtu aliyemzoea. "Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, haumwi tena. Hatarudi. Haikutokea kwa sababu ya kitu ulichosema au ulichofanya." Sentensi hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko zote, maana mtoto mdogo huamini hasira zake zinaweza kuua. Ukimwambia "amelala", ataogopa kulala. Ukimwambia "amesafiri", atakaa barabarani kusubiri basi. Chini ya miaka 5 hivi hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo ataulizia tena kesho na keshokutwa; ajibiwe vile vile bila kukemewa. Akilia dakika 5 kisha akakimbilia mpira, hajasahau. Mtoto huomboleza kwa vipande. Kuaga mwili asilazimishwe wala asizuiwe: aelezwe kabla kwamba atamwona mama hatikisiki na akimgusa ni baridi, kisha achague mwenyewe.

Linakuja la kugawana watoto, kila mjomba mmoja. Nia huwa njema na mzigo kweli ni mzito, lakini mtoto aliyepoteza mama Jumanne na dada yake Jumamosi ana misiba miwili. Wakishindikana kukaa pamoja, angalau wawili wawili, na siku ya kukutana itajwe palepale mbele ya wazee. Mlezi awe mmoja anayejulikana. Kuzungushwa nyumba 3 ndani ya mwaka ndiko kunakomvuruga. Mwalimu wa darasa aarifiwe kabla mtoto hajarudi, ila asitangazwe paredi. Na wakubwa wasijidanganye na wiki ya kwanza. Kukojoa kitandani kurudi baada ya kukoma, tumbo kuuma kila asubuhi ya shule, alama kushuka, hayo huweza kuanza baada ya miezi mingi, rambirambi zimekwisha na wageni hawapo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ipo, na namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure.

Sasa makaratasi, ambako tumeona machozi ya miaka 15 baadaye. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Familia nyingi hukiweka kibali kabatini zikidhani zimemaliza. Sheria inataka kifo kitaarifiwe ndani ya siku 30. Baadaye bado inawezekana kusajili, lakini mtendaji amehama, daftari la zahanati halionekani na mashahidi wamekufa. Mtoto anafika kidato cha sita, anaomba mkopo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, naye hana. Au anacho, lakini marehemu ameandikwa jina la ubatizo wakati cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la nyumbani. Majina yalinganishwe wakati wa kusajili, herufi kwa herufi.

Kuhusu mirathi, msimamizi wa mali ya marehemu si mrithi. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu kwa Fomu Namba 6 kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Asipofanya hivyo, shangazi au hata jirani anaweza kumfuata hakimu na kuuliza. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake.

Tunashauri bahasha moja kwa kila mtoto, isikae kwa msimamizi bali kwa mlezi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, nakala ya cheti cha kifo, namba ya marehemu ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na ya mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Iongezwe picha ya mzazi akiwa mzima, siyo ile ya kwenye jeneza, na nyuma yake mtu aliyemfahamu aandike alipenda kula nini, alicheka vipi, alimwitaje mtoto huyu.

Maafisa ustawi wa jamii wastaafu,
Bukoba