Ngurunga za Taru hazina maji Februari

Salim ndugu yangu,

Salaam nyingi, na wazee hawajambo? Sisi huku Mazeras tu wazima, ila joto latuchoma na mfereji umekauka tena. Hayo tuyaache.

Zuhura kanionyesha ramani yako: Rabai hadi Voi kwa miguu, wewe na vijana, Februari. Februari, yakhe! Nani kakushauri? Kama ni Kombo, mwambie tangu lini yeye... ah, basi.

Sikia. Umechora njia ubavuni mwa lami, lakini misafara ya zamani ya pembe za ndovu iliandama maji, na maji yenyewe yalikuwa ya kubahatisha. Mpaka Samburu, hii ya Kwale, utajikongoja. Taru ndiko kwenye ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayoshika mvua. Hapana chemchemi chini yake. Iliyonyesha ndiyo hiyo hiyo. Mengine mdomo hauingizi ndoo, yataka ulale kifudifudi uteremshe kopo kwa kamba. Mimi nilichota vuli imeshaanza, yakaja maji ya rangi ya chai ya maziwa, viluwiluwi ndani, yananuka nyani. Tukayachuja kwa leso, tukanywa.

Toka hapo hadi Maungu ni zaidi ya kilomita 50 za miiba na udongo mwekundu. Wapagazi walipavuka kwa tirikeza: wanapika, wanakunywa, wanaondoka alasiri, wanatembea hadi usiku, wanalala bila tone, alfajiri wako njiani tena. Na kichwani mzigo wa nguo za merikani, shanga au waya! Wakifika Maungu, maji yako juu mlimani, wapande tena. Hata reli, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, ilipoingia nyika ile wajenzi waliletewa maji kwa treni. Wewe una vijana na chupa za lita moja.

Utaniambia siku hizi Maungu kuna maduka. Yapo, ila ukiiacha lami maduka hayakufuati. Na bomba la maji ya chemchemi za Mzima linapita kwenda Mombasa, lakini hilo hukuwekewa wewe ulitoboe.

Bado narudi kwenye ngurunga: usizipange kama vituo vya maji. Hata zikiwa nayo, wenyeji wanaziangalia kwa ng'ombe wao, na ndovu nao wana kiu. Sogeza safari hadi Juni, masika yakishapita. Taru mwondoke jioni, na gari la maji litangulie mji wa Mackinnon Road, kabla ya Maungu. Ukikataa, basi ishieni Samburu mpande matatu, hapana atakayewacheka. Mimi nitawacheka kidogo.

Sasa nijibu. Vijana wangapi, na mdogo wao ana miaka mingapi? Wenye ranchi umewaomba ruhusa? Mjomba wako wa Buchuma bado ana pikapu, au aliiuza kama alivyotishia? Goti lako je? Na mama Zuhura anajua kwamba Zuhura naye yumo kwenye orodha? Maana mimi sitamwambia.

Nijibu kabla hujalipia chochote.

Wako,
Hamisi