Mchanga wa Kunduchi huletwa na mito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba bahari imetukasirikia na inakula ufukwe wetu, na dawa yake ni ukuta wa kuizuia. Mimi nakaanga samaki Kunduchi. Mnazi ambao marehemu baba alikuwa akifungia ngalawa yake, leo bamvua likijaa shina lake limo majini. Uchungu wa msomaji huyo naujua. Ila kisa hiki hakianzii baharini.

Mjukuu wangu wa darasa la sita aliniuliza mchanga wa pwani unatoka wapi. Nikamwekea mafungu mawili kwenye sahani: moja la hapa kwetu, jingine nililolikomba ndani ya boti ya mwanangu anayepeleka wageni kisiwa cha Mbudya. Nikayakamulia ndimu, ile ile ya samaki. Mchanga wa Mbudya ukatoa vipovu. Wetu ukatulia, isipokuwa vipande vichache vya kombe.

Mbudya tunaiona hapo mbele, lakini hakuna mto unaoifikia. Mchanga wake ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na makombe yaliyosagika, tena mwingine umepita tumboni mwa pono. Pono hutafuna mwamba, na anachokunya ni mchanga. Nikiwapasua nakuta utumbo umejaa uji mweupe unaokwaruza vidole. Mchanga wa kwetu ni chembe ngumu zinazong'aa kama sukari, nazo ni mawe ya bara, yaliyosagika na kuteremshwa na mvua za masika kupitia mto Mbezi na mto Tegeta.

Mto ukishamwaga, bahari inapepeta. Wimbi hupanda kwa nguvu, lakini likirudi maji mengine yamenywewa na mchanga, kwa hiyo linarudi dhaifu na kuacha lilichobeba. Tope jepesi halitui penye mawimbi. Hutafuta penye utulivu, kama kwenye mikoko. Ndiyo maana pwani ya mawimbi ina mchanga na mkokoni kuna matope. Halafu upepo wa kusi husukuma mchanga huo kaskazini, na kaskazi ikivuma sehemu yake hurudi. Kusi ina nguvu zaidi, hivyo kila mwaka kuna unaotuaga moja kwa moja. Ufukwe unabaki pale tu kinachoingia kinapofidia kinachotoka.

Sasa twende mtoni wakati wa kiangazi. Vijana wana makoleo, matipa yamepanga foleni, tripu moja baada ya nyingine. Siwalaumu, wanatafuta riziki, na tofali za nyumba yangu zilitokana na mchanga huo huo. Lakini kila tripu inayotoka pale ni mchanga ambao masika yangetuletea huku chini.

Ukuta hauzai mchanga. Wimbi likiugonga hurudi na nguvu zake na kuchimba chini ya msingi. Na yale makingio ya mawe yanayoingia baharini huudaka mchanga ukiwa safarini: upande mmoja unajaa, jirani wa upande wa pili anabaki na mwamba mtupu. Nimeshuhudia uzio ukilala kifudifudi majini, hatua chache tu kutoka kwenye kingio ambalo mwenzake alijivunia.

Ninachoomba ni kwamba kikao chochote cha kujadili ukuta kiwaite pia wanaosimamia mito, na mchanga unaochimbwa huko uhesabiwe kama mali ya ufukwe.

Masika yaliyopita mto ulishuka mwekundu siku tatu mfululizo. Maji yalipotakata tukaona ulimi mpya wa mchanga mdomoni mwa mto, mpana kiasi cha watoto kuchezea mpira. Kusi ilipokolea ukaanza kumeguka kidogo kidogo kuelekea kaskazini, kwa wenzetu. Mwaka huu naungoja mwingine.

Mama mkaanga samaki,
Kunduchi, Dar es Salaam