Barua ya wazi kwa mwakilishi wetu Frankfort: bastola iliyoua isirudi dukani

Louisville, Kentucky

Kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa eneo letu katika Bunge la Jimbo la Kentucky, Frankfort

YAH: UUZAJI WA SILAHA ZILIZOTAIFISHWA KWA NJIA YA MNADA

Mheshimiwa,

Naandika barua hii kwa Kiswahili kwa makusudi. Nakala yake ya Kiingereza imekwisha kufika ofisini kwako. Hii ni kwa ajili ya majirani zangu wa hapa Louisville, Wakongo, Warundi na wengineo, ambao wanakupigia kura au watakupigia wakishapata uraia, na ambao wengi wao hawajui kinachotokea kwa bunduki inayokamatwa na polisi katika jimbo hili.

Hata mimi sikujua. Mama mmoja wa kanisani kwetu alifiwa na mwanawe kwa kupigwa bastola, na kwa kuwa Kiingereza chake hakikutosha, nilimsindikiza mahakamani. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake siku kielelezo kilipotolewa: bastola ndogo nyeusi ndani ya mfuko, mkanda wa plastiki umepitishwa kwenye mtutu, kikaratasi cha namba kinaning'inia. Kesi ilipokwisha na hukumu kusomwa, aliniuliza tukiwa bado kwenye ngazi za nje, "Na kile kitu, baba, watakipeleka wapi?" Nilimjibu upesi kwamba kitavunjwa. Sikukusudia kumdanganya, lakini nilimdanganya, na tangu nilipoujua ukweli sijapata ujasiri wa kumrudia.

Ukweli wenyewe umo katika sheria za Kentucky, sura ya 16, kifungu cha 220. Silaha iliyotaifishwa, ikiwa haina mwenyewe halali wa kurudishiwa na kikosi kilichoikamata hakiihitaji kwa kazi zake, hupelekwa kwa Polisi wa Jimbo, nao huinadi. Wanaoruhusiwa kupandisha bei katika mnada huo ni wafanyabiashara wenye leseni ya silaha ya serikali kuu peke yao. Katika fedha zinazopatikana, asilimia 20 hubaki kwa Polisi wa Jimbo, na asilimia 80 huenda kwenye ofisi ya usalama wa ndani ya jimbo, inayozigawa kwa vikosi vya polisi vya miji na wilaya kama ruzuku ya kununulia fulana za kuzuia risasi na vifaa vingine.

Nakiri kwamba utaratibu huo haukutungwa na watu wajinga. Vikosi vidogo vya vijijini havina fedha, na askari asiye na fulana ana mke na watoto kama mimi. Tena, mfanyabiashara aliyeshinda mnada kwa kawaida hawezi kumkabidhi mteja bunduki kabla ya kujaza fomu na kuuliza rekodi zake kwenye mfumo wa ukaguzi wa serikali kuu ulioanza kazi mwaka 1998. Tatizo ni kwamba ukaguzi unaishia kwenye kaunta. Mteja huyo akiamua mwezi ujao kumuuzia bastola ileile mkazi mwenzake wa Kentucky, kwenye maegesho ya magari, sheria ya jimbo letu haimlazimishi kumkagua mtu yeyote wala kuandika chochote.

Na haya si mambo ya kudhania. Januari 2010 mtu mmoja alishambulia jengo la mahakama ya serikali kuu huko Las Vegas na kumuua mlinzi wa jengo hilo. Machi mwaka huohuo mtu mwingine aliwajeruhi askari wawili kwenye lango la Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Bunduki zilipofuatiliwa zilikotoka, ikaonekana kwamba zote mbili ziliwahi kukamatwa na kupitia mikononi mwa vyombo vya sheria vya Memphis, kwa jirani zetu wa Tennessee, kisha zikarudishwa sokoni kihalali. Bunge la Tennessee mwaka huohuo likabadilisha sheria, si kwa kuzuia uuzaji, bali kwa kuwazuia polisi kuziharibu silaha za namna hiyo isipokuwa zile mbovu. Nimejaribu mara nyingi kuielewa hoja yao na nimeshindwa.

Kwa upande mwingine, shirika la habari la Associated Press lilipochunguza silaha zilizouzwa na polisi katika jimbo la Washington tangu 2010, lilikuta kwamba katika karibu 6,000 zilizowahi kutumika katika uhalifu, kumi na kadhaa zilirudi tena kuwa vielelezo katika kesi mpya. Utasema ni chache, nami sitabishana nawe juu ya hesabu. Naomba tu ukumbuke kwamba kila moja kati ya hizo ilikuwa imefungiwa ghalani, mikononi mwa serikali, na ni serikali iliyoitoa.

Tarehe 10 Aprili 2023 watu watano waliuawa ndani ya benki katikati ya jiji letu. Kesho yake Meya Craig Greenberg, ambaye naye alikoswakoswa na risasi kwenye ofisi yake ya kampeni mwaka 2022, aliwaambia wananchi kwamba kwa sheria ilivyo, bunduki iliyotumika ingeweza kunadiwa. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuagiza polisi wa jiji wazitoe silaha za namna hiyo kile kipini kinachogonga kitako cha risasi, ambacho bila hicho bunduki haifyatuki, ndipo wazipeleke kwa Polisi wa Jimbo. Nilimpongeza moyoni, lakini kipini ni kipuri, na kipuri hununuliwa.

Ndiyo maana sikumwandikia Meya. Jiji la Tucson, Arizona, liliharibu zaidi ya bunduki 4,800 kwa kufuata kanuni yake lenyewe, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba jiji halina mamlaka ya kupingana na sheria ya jimbo. Kwetu pia, mlango huu unafunguliwa Frankfort tu.

Sisi tuliotoka Fizi na Uvira, kule Kongo, tunazijua bunduki, na hatukuzijulia kwenye uwindaji. Novemba 2016, huko Ngong nchini Kenya, William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, alilitia moto rundo la silaha haramu 5,250 mbele ya watu. Sisemi kwamba Kenya imemaliza silaha haramu, maana haijamaliza. Nasema kwamba hakuna mama wa Kenya atakayeikuta mojawapo ya hizo 5,250 kwenye kabati la kioo, na kikaratasi cha bei. Hapa Marekani, mwaka huohuo wa 2016, bastola iliyomuua Trayvon Martin, kijana mweusi aliyepigwa risasi Florida mwaka 2012, ilinadiwa kwenye intaneti na mwenyewe, yule aliyempiga, baada ya kurudishiwa. Mtandao mmoja uliiondoa, mwingine ukaipokea. Wapo wanunuzi ambao damu kwao huongeza thamani.

Siombi mnada ufutwe. Bunduki ya kuwindia kulungu iliyokamatwa kwa sababu mwenyewe alikiuka kanuni za uwindaji, iuzwe. Ninachoomba ni kifungu kimoja katika kikao cha Januari: silaha iliyothibitika mahakamani kwamba ilimuua au kumjeruhi mtu iyeyushwe, na familia iarifiwe kwa maandishi, katika lugha wanayoisoma, siku kazi hiyo ilipofanyika. Pengo litakalotokea katika ruzuku ya fulana lijazwe kutoka bajeti ya kawaida, kama zinavyojazwa gharama nyingine za polisi.

Nafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo naweza kufika ofisini kwako asubuhi yoyote utakayonipangia. Ningependa kuja na yule mama. Kabla ya hapo itanibidi kwenda kwake na kumweleza kwamba jibu nililompa pale kwenye ngazi halikuwa kweli.

Wako mtiifu,

Mkazi wa Louisville, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini